Nani Atamtunza Mzee?

Wewe msomaji u kijana, na huenda habari za uzee zikakuchosha. Hata hivyo nakusihi ulifikiri jambo moja: yule babu aliyetoka kijijini kwenda kutafuta mshahara, nguvu zilipomwishia, nani alimlisha?

Hapo kale mzee alikuwa na shamba, mifugo na watoto. Mashaka yalizidi wakati wa ukoloni. Mwanamume alitundika kipande shingoni, akaenda Nairobi au katika mashamba ya walowezi, akalipwa ujira uliopimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Matajiri walidai kwamba watu wake watakula kwa jembe huko nyumbani, na yeye mwenyewe akizeeka atarudi huko huko. Basi mke aliyebaki akilima ndiye aliyekuwa akiba ya uzee wa mumewe, ingawa jina lake halikuandikwa katika daftari lo lote. Na ardhi yenyewe ilikuwa ikipungua.

Usidhani kwamba watawala hawakujua njia nyingine. Ujerumani ilitunga sheria ya malipo ya uzeeni mwaka 1889. Uingereza nayo, tangu Januari 1909, iliwapa wazee wake maskini wenye miaka 70 malipo yaliyofika shilingi tano kwa juma. Lakini hapa Kenya ilipasa kungoja hadi 1954, ndipo kamati ya F. W. Carpenter ikashauri kwamba ujira wa chini upimwe kwa mahitaji ya mtu pamoja na jamaa yake.

Baada ya Uhuru, mwaka 1965, ilianzishwa Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ambamo mfanyakazi na tajiri wake huweka fedha kila mwezi. Lilikuwa jambo jema, ila lilimsahau yule mama mwenye jembe, kwani hakuwa na tajiri. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, ilitamka kwamba mzee ana haki ya kutunzwa na jamaa yake na Serikali pia. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ukawafikia wenye miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Nyanya yangu, aliyelima miaka yote babu alipokuwa kazini, alikuwa amepita miaka 80 alipopokea fedha hizo mara ya kwanza. Alizihesabu mara mbili, kisha akaniuliza ni nani aliyemwajiri.