Kusoma na Kuelewa: Herufi Zilivyowafikia Watoto Wetu

Mwinjili Luka anatusimulia kwamba Yezu alipofika Nazareti aliingia katika sinagogi, akapewa kitabu cha nabii Isaya, akasimama ili asome (Lk 4,16-21). Mara nyingi tunatafakari maneno aliyoyasoma. Ni mara chache tunakumbuka kwamba, kabla ya siku hiyo, alipaswa kujifunza kusoma kama mtoto yeyote, herufi baada ya herufi. Shule zinapofungua milango mwezi huu wa Septemba, yafaa sisi walei tujiulize: herufi zilitufikiaje, na kwa kusudi gani?

Tusidhani kwamba maandishi yalianza na misioni. Katika Maniema, huko Nyangwe na Kasongo, wafanyabiashara waliotoka pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Lakini elimu hiyo ilipita katika njia ile ile ya pembe na ya watumwa, na watoto wengi wa vijijini hawakuipata.

Wapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, walifika Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1879. Mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala, ng'ambo ya magharibi, na mwaka 1893 wakaanzisha misioni ya Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, huko Moba. Lavigerie aliwaagiza wana wake wajifunze lugha za watu waliotumwa kwao. Watoto waliokombolewa utumwani walitoka katika makabila mbalimbali, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha. Hivyo mtoto alianza kusoma kwa lugha aliyoisikia kila siku.

Kiswahili kinamsaidia sana mwalimu wa darasa la kwanza. Kina vokali tano tu, na silabi zake karibu zote huishia kwa vokali. Mtoto akishika a, e, i, o, u, huongezewa konsonanti moja: ba, be, bi, bo, bu. Kisha nyingine: ma, me, mi, mo, mu. Halafu huunganisha: ba-ba, ma-ma. Kwa kuwa neno hutamkwa jinsi lilivyoandikwa, aliyezoea silabi aweza kusoma hata neno ambalo hajaliona kamwe. Katika Kifaransa, sauti moja ya «o» yaweza kuandikwa o, au, au eau. Mtoto asiyeongea lugha hiyo nyumbani hubeba mizigo miwili kwa mara moja, wa herufi na wa maana.

Hata hivyo, historia hii ina kivuli chake. Kusoma kulikuwa kwanza mlango wa katekisimu, na mara nyingi kukariri kulichukua nafasi ya kuelewa. Darasa zima liliimba silabi pamoja, na sauti ya anayejua ikamficha asiyejua. Tena, kwa mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 kati ya Kiti Kitakatifu na Dola Huru la Kongo, misioni zilipewa ardhi, nazo zikaahidi kufungua shule ambazo programu yake ilipaswa kukubaliwa na Gavana Mkuu. Shule ikawatumikia mabwana wawili: Injili, na utawala uliotaka makarani na mafundi watiifu. Wasichana wengi walishika sindano kabla ya kalamu, na wengine hawakuishika kalamu kabisa. Kukiri hayo si kuwadharau waliotutangulia.

Lakini aliyefundishwa kusoma hawezi kuwekewa mpaka. Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alisoma katika seminari ndogo ya Mpala. Mwaka 1910, kabla hajawa padri, maandishi yake juu ya fikra za Wabantu yalianza kuchapishwa kwa Kifaransa katika gazeti «La Revue congolaise». Tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri huko Baudouinville, Mkongomani wa kwanza wa nyakati zetu. Aliyehesabiwa kuwa wa kufundishwa tu aliwafundisha wengine namna watu wake wanavyofikiri.

Baada ya uhuru, programu ya mwaka 1962 iliweka Kifaransa tangu darasa la kwanza. Baadaye lugha zetu zilirudishwa katika miaka ya mwanzo, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazitambua kuwa lugha za kufundishia. Lakini wazazi wengi tunaona Kiswahili shuleni kuwa aibu. Tunafurahi mtoto akitamka sentensi ya Kifaransa, wala hatumwulizi maana yake. Hapo tunarudia kosa la kale: tunampa mtoto sauti bila neno.

Ndugu wapendwa, Kifaransa kina faida, na Kaoze ni shahidi. Lakini mtoto hujenga juu ya msingi alio nao. Katika kila shirika letu kuna mtu anayejua kusoma na mtoto anayehangaika. Je, hatuwezi kuketi naye jioni, tukasoma pamoja mistari michache ya Injili kwa Kiswahili, kisha tukamwuliza: umeelewa nini?

Yezu naye, alipomaliza kusoma, alikifunga kitabu, akaketi, akawaeleza watu maana yake.