Kutoka Benki hadi Hazina ya Umma: Alex Sink na Fedha za Florida

Katika majimbo mengi ya Marekani mweka hazina hateuliwi na gavana, bali huchaguliwa na wananchi. Utaratibu huo humfungulia mlango hata mtu asiyewahi kushika cheo cha siasa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Alex Sink wa Florida, ambaye maisha yake yanaigusa hata Kongo: baada ya kusoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Wake Forest, alilifundisha somo hilo Sierra Leone na Zaire, kisha akaingia kazi ya benki.

Humo alipanda ngazi hadi kuongoza shughuli za Bank of America katika Florida yote. Mwaka 2006 aligombea cheo cha Afisa Mkuu wa Fedha wa jimbo, akamshinda Tom Lee aliyekuwa rais wa Seneti ya jimbo. Cheo chenyewe kilikuwa kichanga. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1998 yaliunganisha kazi ya mdhibiti wa hesabu na ile ya mweka hazina kuanzia Januari 2003, na cheo hicho kikapewa jina linalotumika katika makampuni ya biashara. Jambo hilo si dogo, kwani jina huwafundisha watu namna ya kukitazama kitu.

Lakini hazina ya umma si kampuni. Uwekezaji wa Florida ulikuwa chini ya wadhamini watatu, yaani gavana, mwanasheria mkuu na afisa wa fedha, huku kazi ya kila siku ikifanywa na mkurugenzi. Miongoni mwa amana hizo ulikuwamo mfuko ambamo wilaya, miji na shule ziliweka akiba za muda mfupi, takriban dola bilioni 27. Mnamo Novemba 2007 ilifahamika kwamba sehemu ya akiba hizo ilikuwa katika hati za madeni zilizoporomoka thamani kwa msukosuko wa mikopo ya nyumba. Wenye akiba wakazikimbilia fedha zao. Kwa majuma machache yakatoka mabilioni zaidi ya kumi. Tarehe 29 Novemba wadhamini waliufunga mfuko, na shule zilizoutegemea kwa mishahara ya walimu zikabaki mashakani. Mkurugenzi akajiuzulu. Mfuko ulifunguliwa tena Desemba, hati mbovu zikiwa zimetengwa.

Mwanabenki alijua vema maana ya benki kukimbiliwa. Hapa, hata hivyo, hapakuwa na bima ya amana, na sauti yake ilikuwa moja kati ya tatu. Kusema kwamba hakuhusika ni kumtetea kupita kiasi: mdhamini huwekwa ili aulize kabla ya hasara.

Mwaka 2010 aligombea ugavana, wapinzani wakimshutumu kwa hasara za uwekezaji. Alishindwa kwa kura zisizofika 62,000 na Rick Scott, naye mtu wa biashara. Cheo chake cha fedha kilichukuliwa Januari 2011 na Jeff Atwater, mwanabenki mwingine.