Mganga Hajigangi: Funzo kutoka Maji ya Rukuba

Wakazi wa kisiwa cha Rukuba, katika Ziwa Viktoria upande wa Musoma, huishi kwa uvuvi. Historia ya ziwa hilo yatufundisha sisi watumishi wa Kanisa jambo zito: aliyetumwa kuondoa tatizo huja na imani na mazoea yake, na hayo huweza kuwa sehemu ya tatizo lenyewe.

Katika miaka ya 1927 na 1928 Michael Graham alilichunguza ziwa, kwa kuwa samaki aitwaye ngege alikuwa akipungua. Taarifa yake ya mwaka 1929 ilishauri nyavu za matundu madogo zizuiwe, tena ikaonya juu ya kuingiza ziwani samaki mkubwa alaye wenzake. Hata hivyo, baadhi ya maofisa wa uvuvi wa kikoloni waliamini kwamba furu, kwa kuwa ni wadogo, wana miiba mingi na bei yao ni ndogo, wafaa tu kuwa chakula cha samaki mkubwa. Kwa imani hiyo sangara aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 sangara walikuwa wamejaa, na aina nyingi za furu zikatoweka. Ni kweli kwamba sangara alileta viwanda na fedha za kigeni. Lakini furu walikuwa kitoweo cha watu wa pwani ya ziwa, na thamani ya kitoweo hicho haikuonekana katika hesabu za wataalamu.

Baadaye Tanzania iliunda vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali za uvuvi. Hiyo ni hatua njema. Ila mlinzi huyo naye ana wavu wake, na hana budi kukubali ukaguliwe na jirani.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliwahimiza wanachama wa TANU kukosoana katika kijitabu chake "Tujisahihishe" cha mwaka 1962. Nasi Walutheri tunakumbuka kwamba hoja ya kwanza ya Luther ya mwaka 1517 iliyafanya maisha yote ya mwamini kuwa toba. Basi mchungaji atumwaye kupatanisha usharika uliogawanyika asianze kwa kuwahukumu washarika. Kwanza awaulize wanauonaje mwenendo wake, kisha anyamaze, asikilize.