Habari za Boga na Mboga katika Bonde la Songwe

Galula i katika bonde la mto Songwe, ule uingiao Ziwa Rukwa, wala si ule uingiao Ziwa Nyasa. Zamani nchi hii ilihesabiwa katika mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2016 ni mkoa wa Songwe. Mvua zikoma­po, yapata Aprili, mahindi hukauka, na maboga yaliyopandwa kati yake huonekana yamelala wazi. Ndio wakati wa kuyavuna, na kazi hii hupendeza kufanywa na mama pamoja na watoto wadogo. Twataka kueleza asili ya tunda hili na jina lake, na mambo afundishwayo mtoto shambani.

Wengi hudhani kwamba boga ni la kwetu tangu kale. Sivyo, asili yake ni Amerika. Katika pango la Guilá Naquitz, nchi ya Meksiko, zimeonekana mbegu za maboga yaliyolimwa yapata miaka 10,000 iliyopita. Ni baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 ndipo mbegu zilipovuka bahari na kufika Afrika. Mmea mmoja wa jamaa hiyo uliokuwapo huku zamani ni mmumunye, ambao tunda lake likikauka hufanywa kibuyu.

Imekuwaje basi mgeni kupata jina la kienyeji? Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaliita tunda boga, na mmea wake mboga, neno lile lile la majani yaliwayo. Na neno hilo si la pwani tu; Wanyarwanda nao husema imboga. Hivyo twaona ni neno la kale kuliko mmea wenyewe. Kwa maoni yetu, jina lilishika jani kwanza, kwa kuwa majani huchumwa na kupikwa kitambo kabla ya tunda kukomaa. Kisha tunda nalo likaitwa kwa jina la mmea.

Sasa tutazame mafundisho. Mtoto akitumwa kuchuma maua ya kupika, huambiwa aliache lile lenye kitunda chini yake, maana hilo ndilo lizaalo. Tena mahali pengi pa Afrika Mashariki hukatazwa kulinyoshea kidole boga changa, lisije likaoza. Kweli ni kwamba vitunda vingi huoza kwa sababu nyuki hakuleta chavua asubuhi ile ua lilipofunguka. Lakini katazo hili huzuia mikono ya watoto, nalo lina faida.

Siku ya kuvuna, mtoto hujaribu ganda kwa ukucha. Likikataa kuchomeka, na kikonyo kimekauka, boga limekomaa. Mama hulikata na kuacha kikonyo, na mtoto hulipakata kwa mikono miwili kama mchanga, wala halishiki kikonyo. Kikivunjika, uozo huingia hapo. Boga zima hukaa kichanjani miezi kadhaa, likawa akiba ya nyumba. Lililojeruhiwa halina budi kuliwa upesi.

Ujuzi huu haukuandikwa. Hupokewa kwa mkono, mtoto akiwapo shambani. Asipokuwapo, hupotea pamoja na majina ya aina za maboga. Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu wawaulize bibi zao majina hayo, kila mtu katika lugha ya kwao, wayaandike.