Mama aliyerusha maji

Wadau, nani alianzisha hii mashine ya kuosha vyombo inayotulowesha sakafu? Ni mama mmoja wa Shelbyville, Illinois, Marekani: Josephine Cochrane. Alikuwa na watumishi, ila sahani zake za thamani zilimeguka wakiziosha. Mwaka 1883 mumewe akafariki, akamwachia madeni. Wazo la mama wa kitajiri likageuka kuwa riziki! Akishirikiana na fundi George Butters, akapata hataza tarehe 28 Desemba 1886.

Wengine walikuwa wamejaribu brashi. Yeye alipanga vyombo kwenye waya, akavirushia maji kwa nguvu. Mwaka 1893 mashine zake zikaonyeshwa Chicago, na hoteli zikanunua. Majumbani zilikwama, maana nyumba nyingi hazikuwa na maji moto ya kutosha.

Sasa, maji yanayorushwa hivyo hutafuta upenyo. Yangu ilivuja chini ya mlango. Nikazima umeme, nikapapasa mpira wa mlango: mabaki ya chakula yameganda, kona moja imechanika. Nikaweka mpya, ikakauka.

Kumbe nguvu ya mashine ndiyo udhaifu wake. Kabla hujaita fundi, anza na mpira.