Tegu wa nguruwe Mbulu: tuisomeje asilimia 17.4?

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliokagua nguruwe 770 katika vijiji 21 vya Wilaya ya Mbulu. Asilimia 17.4 walikutwa na lava wa tegu, yaani karibu mmoja kati ya sita. Mfugaji wa Bashay akiisikia namba hiyo redioni, imwambie nini kuhusu banda lake?

Huo ni wastani. Kuna kijiji kilichokuwa na asilimia 3.2 na kingine asilimia 46.7, kwa hiyo wastani wa wilaya haumwelezi jirani yako.

Kubwa zaidi ni kipimo chenyewe. Nguruwe alikamatwa, ulimi ukavutwa nje, ukatazamwa na kupapaswa kutafuta vinundu. Ni njia nafuu, hata wachuuzi wa nguruwe wanaijua. Vinundu vikionekana, ugonjwa upo; visipoonekana, hujui, kwa sababu nguruwe mwenye lava wachache anaweza asiwe nao ulimini. Utafiti wa Zambia wa mwaka huohuo ulikadiria kuwa ulimi humgundua mmoja tu kati ya watano wenye lava. Basi tuzidishe 17.4 mara tano? Hapana. Zambia walipima nguruwe 65 tu, na huenda wao walibeba lava wachache kuliko wa Mbulu. Tunachokijua ni upande wa kosa: kipimo hiki hupunguza idadi.

Kwa binadamu mashaka ni ya aina nyingine. Katika Hospitali ya Haydom, watu 212 wenye kifafa walipigwa picha za ubongo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Watu 38 walikuwa na alama za tegu. Lakini alama peke yake haithibitishi kwamba tegu ndiye aliyeleta kifafa, na wagonjwa wasiofika hospitali hawamo katika hesabu.

Njia ya maambukizi, hata hivyo, haina mashaka. Nyama isiyoiva humpa mtu tegu wa tumboni. Lava wa ubongoni hutokana na kumeza mayai ya tegu yaliyomo kwenye kinyesi cha binadamu, kupitia mikono, maji au mboga. Ndiyo maana hata asiyekula kitimoto anaweza kuupata. Povu la mgonjwa wa kifafa haliambukizi.

Mwenye kifafa amwambie mhudumu wa afya kabla ya kumeza dawa ya tegu au kichocho: dawa ikishambulia lava ubongoni, inaweza kuamsha degedege.