Dungu Lenye Zulia

Dungu la kuwindia kulungu linalouzwa Pennsylvania siku hizi lina zulia. Limetandikwa sakafuni, likapandishwa ukutani hadi chini ya madirisha, na likafunika ule ubao mwembamba ambao mwindaji huegemeza mtutu. Si urembo. Kisigino cha kiatu kikigonga ubao mtupu, au kitako cha bunduki kikikwaruza ukingo wa dirisha, kulungu aliye mita mia moja huinua kichwa, akatikisa mkia, na habari ikaishia hapo. Mtoto wa miaka minane hawezi kukaa saa tatu bila kugonga kitu. Ndiyo maana fundi akiambiwa kwamba dungu ni la watoto, jambo la kwanza analoongeza ni zulia.

Mimi ni dereva, si mwindaji. Navuta trela kutoka karakana za Waamishi wa kaunti ya Lancaster. Wenyewe hawaendeshi magari, kwa hiyo kila walichokijenga lazima mtu mwingine akipeleke kwa mnunuzi. Kiangazi hubeba vibanda vya bustani na mabanda ya kuku. Ikifika Agosti, hadi wiki ya Sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, mzigo wangu mkubwa ni madungu. Nimezaliwa Handeni, na dungu nalijua tangu mdogo: nguzo nne, sakafu ya fito, paa la nyasi, na juu yake mtoto mwenye kombeo na debe la kupiga, nyani mchana, nguruwe usiku. Kwetu mtoto alipandishwa ili mnyama ajue kuna mtu akimbie. Huku anapandishwa ili mnyama asijue.

Nalieleza hilo la watoto kama ninavyoliona likishuka kwenye trela. Ni chumba cha futi sita kwa sita, kuta za mbao zilizopakwa rangi ya majani makavu. La watu wazima huwekwa juu ya nguzo za futi kumi. La watoto mara nyingi ni futi tano, na badala ya ngazi ya kukwea wima hupewa vipandio vipana vyenye mkono wa kushikilia pande zote mbili. Dirisha limeshushwa, maana mtoto akilazimika kusimama ili aone, ataonekana yeye. Kioo huteleza kwenye mfereji wenye kitambaa, hakilii. Kiti hupandishwa na kushushwa mpaka nyayo zake ziguse sakafu. Miguu ikining'inia hufa ganzi, na mtoto aliyekufa ganzi huanza kuuliza saa. Pembeni kuna mahali pa jiko dogo la gesi na kitundu cha kupitishia hewa ambacho fundi hakubali kukiziba hata mteja akilalamikia baridi, kwa sababu gesi ya jiko katika chumba kilichofungwa huua bila harufu. Ndoo yenye kifuniko mteja ananunua mwenyewe. Kila mzazi huisahau mara moja.

Wazee wengi ninaowapelekea hutikisa kichwa wakiliona. Wanasema enzi zao mtoto alisimama kwenye theluji na baba yake tangu alfajiri, akala mkate uliogeuka barafu, na hakulia. Huenda. Lakini nikisikiliza hadithi za enzi zao, kisha nikasoma za enzi za babu zao, naona dungu hili halikuletwa na kudekeza watoto. Limeletwa na sheria, hesabu za pesa na magoti ya wazee wenyewe.

Tuanzie walipokuwa hawana dungu la namna hii wala haja nalo. Mwindaji Philip Tome, aliyezaliwa mwaka 1782 na kukulia kandokando ya Pine Creek, aliacha kitabu kilichochapwa mwaka 1854, na humo unakuta kulungu wakiwindwa usiku majini. Mwenge wa mti wenye utomvu uliwashwa mbele ya mtumbwi, kulungu aliyeshuka mtoni akaduwaa akiutazama, na risasi ikamfuata. Wengine waliwavizia kwenye magadi, mahali ambapo wanyama hulamba chumvi ardhini, wakifunga majukwaa ya magogo katikati ya matawi. Wengine waliachia mbwa wawaswage hadi kwenye maji. Nyama ilikuwa chakula, na baadaye ikawa biashara. Reli zilipoingia milimani kufuata mbao, mizoga ilisafiri nazo hadi miji mikubwa. Kampuni za mbao zikafyeka misitu ya misonobari na hemlock kilima baada ya kilima, na ilipofika mwaka 1900 jimbo lenye milima yote hiyo lilikuwa karibu limemaliza kulungu wake.

Tume ya Wanyamapori ya jimbo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1895, na mtendaji wake wa kwanza, Joseph Kalbfus, alianza akiwa na mamlaka makubwa kwenye karatasi na fedha chache mfukoni. Mbwa, magadi na biashara ya nyama ya porini vilipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1905 likatengwa eneo la kwanza la hifadhi katika kaunti ya Clinton. Mwaka uliofuata wakanunuliwa kulungu 50 kutoka Michigan, na wengine wakaendelea kuletwa kwa miaka mingi. Mwaka 1907 ikatoka sheria ya kuua madume tu. Mwaka 1913 kila mkazi anayetaka kuwinda akatakiwa kukata leseni ya dola moja.

Hiyo dola moja ndiyo ya kukumbuka. Tangu hapo uhai wa wanyama wa Pennsylvania ulifungwa kwenye mfuko wa mwindaji, na mpaka leo Tume haipewi fungu katika kodi za kawaida za jimbo. Inaishi kwa leseni, kwa mbao na gesi ya ardhi yake yenyewe, na kwa fedha za serikali kuu zinazotokana na sheria ya mwaka 1937, ile iliyoelekeza kwa wanyamapori kodi ya bunduki ndefu na risasi, ambayo sasa ni asilimia 11. Fedha hizo hugawiwa majimbo kwa kutazama ukubwa wa eneo na idadi ya wenye leseni. Kwa hiyo mwindaji mmoja akistaafu bila kurithiwa, jimbo linapoteza mara mbili: ada yake, na nafasi yake katika mgawo.

Kulungu wenyewe walirudi kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea. Mbwamwitu walikuwa wamekwisha, chui wa milimani wamekwisha, na misitu iliyofyekwa ilikuwa ikichipua vichaka laini, chakula cha kulungu hasa. Kufikia miaka ya 1920 walikuwa wengi hadi wanakufa njaa wakati wa baridi. Ikabidi kuua majike, mwaka 1923 kwa uchache, na mwaka 1928 karibu jimbo zima likiwa majike peke yake. Wawindaji waliofundishwa kwa miaka ishirini kwamba kupiga jike ni aibu walikasirika sana, na ugomvi huo haujaisha. Nimewahi kushusha dungu huku baba na mwana wakibishana juu yake uani, tena kwa maneno ambayo yangeweza kutamkwa mwaka 1928.

Katika miaka hiyo uwindaji wa huku ulikuwa wa kundi. Wanaume walikwenda kambini milimani, wakalala kwenye vibanda vya mbao, na asubuhi nusu yao wakaingia msituni wakipiga kelele kuswaga kulungu, nusu nyingine wakasimama upande wa pili wakingoja. Tangu mwaka 1963 ufunguzi wa msimu wa bunduki uliwekwa Jumatatu inayofuata Sikukuu ya Shukrani, na shule nyingi za vijijini zikawa zinafungwa siku hiyo, kwa kuwa zilijua madarasa yangebaki matupu. Kijana akifika miaka 12 alikata leseni na kupewa nafasi kwenye mstari. Nafasi yenyewe ilikuwa mti wa kuegemea. Tangu mwaka 1980 akatakiwa pia kuvaa rangi ya chungwa inayowaka, kwa sababu katika kuswaga, anayetokea kichakani anaweza kuwa mjomba.

Kupanda juu kulikuja kwa njia nyingine, kwa wapiga upinde. Msimu wao wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1951. Mwenye upinde lazima mnyama amkaribie hatua ishirini au thelathini, na kulungu hatazami juu sana, wala harufu ya mtu aliye juu haimfikii upesi. Basi watu wakapigilia vibao kwenye matawi. Baadaye vikaja viti vya chuma vya kufunga kwenye shina, vyepesi na vya bei nafuu. Vikaja na maanguko: mgongo uliovunjika, nyonga, na mara nyingine mauti. Leo katika mazungumzo ya usalama wa uwindaji, kuanguka kutoka mtini kunatajwa kwanza, kisha risasi. Mkanda wa kujifunga upo, lakini mzee wa miaka sabini haupendi mkanda, na goti lake haliupendi mti.

Hapo ndipo chumba chenye vipandio kilipopata wateja. Kisha mwaka 2006 likaja jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililochora dungu la watoto kuliko fundi yeyote. Idadi ya leseni ilikuwa imefikia kilele cha takriban milioni 1.3 mwanzoni mwa miaka ya 1980, halafu ikateremka; sasa iko karibu na laki tisa. Jimbo likaamua kutowangoja watoto wafike miaka 12. Likaanzisha mpango wa kuwaruhusu walio chini ya umri huo kuwinda na mlezi mzima, kwa masharti. Wawili hao wawe na silaha moja tu. Wakiwa wanatembea, silaha aibebe mkubwa. Mtoto anaweza kuishika pale tu walipotulia mahali pamoja, na mlezi awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.

Yasome tena masharti hayo huku ukifikiria chumba cha futi sita kwa sita. Kuswaga hakuwezekani. Kunyatia hakuwezekani. Kinachobaki ni kukaa, wawili, bega kwa bega, bunduki moja kati yao. Sheria haikutaja dungu popote, lakini kila mzazi aliyeisoma aliona viti viwili na dirisha moja. Baridi ya Desemba ikamalizia kazi, maana mtu anayetembea hupata joto na anayekaa hulipoteza. Karakana ninayobebea zaidi ilianza kuweka benchi refu badala ya kiti kimoja. Mzee mwenye karakana aliniambia siku moja, huku akipima mbao na bila kuinua uso, kwamba wanaoagiza dungu la watoto karibu wote ni mababu. Akina baba wana kazi na madeni; babu ana ardhi, muda na hofu ya kuanguka. Vile vipandio vipana vyenye mikono pande mbili, vinavyoandikwa kwenye oda kwamba ni vya mjukuu, nimewaona wanaovishika kwa nguvu zaidi ni akina nani.

Mwaka 2019 ufunguzi ukahamishwa kutoka Jumatatu kwenda Jumamosi, na mwaka huohuo bunge la jimbo likaruhusu Jumapili tatu za kuwinda, jambo lililokuwa limekatazwa tangu karne ya 19. Sababu iliyotolewa ilikuwa ileile: wanafunzi na wafanyakazi wapate nafasi. Wenye kambi walinung'unika, maana Jumapili ilikuwa siku yao ya kupanda milimani, kununua vyakula vijijini na kukaa na wenzao jioni kabla ya msimu. Wateja wa madungu hawakunung'unika. Dungu liko nyuma ya nyumba; mtoto huamshwa, huvalishwa, na baada ya dakika kumi amekaa.

Lakini ni lazima kuwe na nyuma ya nyumba, na hilo ndilo ninalolibeba moyoni ninapolibeba trelani. Jimbo lina ekari zaidi ya milioni moja na nusu za ardhi ya Tume, zilizoanza kununuliwa mwaka 1920, na yeyote mwenye leseni anaweza kuwinda humo. Kujenga dungu la kudumu humo ni marufuku. Kwa hiyo zulia, jiko, vipandio na kiti cha kushushwa ni mali ya watoto ambao babu zao walinunua shamba. Katika mji wa Erie, kwenye kona ya jimbo, wako Wakongo na Warundi wengi waliofika kama wakimbizi, na Kiswahili unakisikia madukani. Mama mmoja kutoka Uvira aliliona dungu juu ya trela yangu kwenye kituo cha mafuta, akaniuliza, "Kaka, hii nyumba ya nani?" Nilimweleza. Mwanawe wa miaka kumi na moja alikuwa ameshasikia habari za kulungu shuleni na anataka kwenda. Mama aliuliza bei, nikamtajia, akacheka kwa sauti.

Ardhi ya Tume inaruhusu kibanda cha kubeba na kuondoa. Yapo mahema ya kuwindia yanayofunguka kama mwavuli, yana madirisha ya zipu, yanawatosha mtu mzima na mtoto, na bei yake hata mshahara wa kiwandani unaimudu. Mengi hayana sakafu, kwa hiyo kipande cha zulia kuukuu kinaingia moja kwa moja juu ya majani, na kigoda kifupi kinamaliza tatizo la miguu. Jiko la gesi humo silishauri. Soksi mbili za sufu na chupa ya chai zinatosha. Kilichobaki ni mlezi mwenye leseni, awe na miaka 21 au zaidi, na hapo ndipo mama yule alipokwama, kwa sababu katika mtaa wake hamjui hata mmoja. Mafunzo ya leseni hutolewa bure au kwa ada ndogo, na nimejiandikisha ya Septemba.